Kabla hujanunua mashine ya boti: kilo, farasi na fundi

Juzi kijana mmoja alinisimamisha pale Bandari ya Kale ya Mombasa, simu mkononi, picha mbili za mashine kwenye kioo. "Ami, nichukue ipi? Enduro au hii ya stroki nne?"

Enduro ni mashine ya Yamaha ya stroki mbili, inayochoma oili iliyochanganywa na petroli; ya stroki nne oili yake hukaa kando. Nikamuuliza boti yake inalala wapi.

"Boti inalala Tudor, imetiwa nanga. Mashine nalala nayo nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kuze, Mji wa Kale. Ghorofa ya pili."

Nusu ya jibu ilipatikana hapo hapo, ingawa yeye alikuwa bado anasubiri nimtajie kampuni. Watu wengi huanza na kampuni, wakaja kwa farasi, yaani nguvu ya mashine, na uzito wanaukumbuka siku ya kuibeba. Mimi nimenunua mashine nne kwa pesa zangu, mbili kwa busara na mbili kwa hamu, na mpangilio ninaoufuata sasa ni huu.

Hatua ya 1: Ijue boti yako kwanza

Mashua ya mbao inayokata maji haipandi juu yake hata uifunge mashine gani. Ina kikomo cha mwendo, na kikomo hicho kinatokana na urefu wa boti pale inapogusa maji. Pima urefu huo kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 1.34. Mashua yenye futi 25 majini: kipeuo ni 5, mara 1.34 unapata maili 6.7 za baharini kwa saa. Basi. Mashine ya farasi 15 huifikisha karibu na hapo. Ukiifunga ya 40 tezi (nyuma ya boti) itazama, omo (mbele) itatazama mbingu, petroli itakwisha, na yule mwenye 15 mtafika naye pamoja sokoni.

Boti ya faiba yenye chini bapa ni habari nyingine. Hiyo hupanda juu ya maji ikipata nguvu ya kutosha, na hesabu ya haraka wanayoitumia watu wa boti ni kilo 20 kwa kila farasi mmoja. Jumlisha kila kitu. Tuseme boti tupu ni kilo 350, watu wanne kilo 280, petroli lita 50 ni kama kilo 37 (petroli ni nyepesi kuliko maji), barafu, nyavu na nanga kilo 80, mashine yenyewe kilo 72. Jumla 819. Gawa kwa 20 na unapata farasi 41. Kwa hiyo mashine ya 40 itaipandisha kwa taabu wakati wa kwenda, na ukirudi na kilo mia za samaki haitapanda. Lijue hilo mapema, usije ukamlaumu fundi.

Pima pia kimo cha ubao wa nyuma unaofungiwa mashine. Mguu wa mashine ulio mfupi ni wa ubao wa inchi 15, mrefu ni wa inchi 20. Mguu mfupi kwenye ubao mrefu unafanya propela ile hewa kila wimbi likipita; mashine inalia kwa sauti ya juu na boti haisogei. Mguu mrefu kwenye ubao mfupi utakuvunjia propela mwambani.

Hatua ya 2: Uzito

Hapa ndipo ninapotaka utulie.

Yamaha Enduro 40, ile ya stroki mbili, ina silinda mbili, cc 703, na uzito wa kilo 72 hivi kwa mguu mfupi. Suzuki DT40 ni jamaa yake wa karibu: silinda mbili, cc 696, uzito hautofautiani sana. Sasa nenda upande wa stroki nne kwa farasi wale wale 40. Yamaha F40 ina silinda tatu na cc 747, Suzuki DF40A ina silinda tatu na cc 941. Hizi huanzia karibu kilo 95 na nyingine zinapita 100. Farasi sawa, lakini tofauti ni kilo 25 hivi au zaidi, na zimening'inia nyuma kabisa ya boti.

Uzito huo unalipwa wapi? Kwanza kwenye mikono. Mombasa maji ya bamvua (siku za mwezi mpya na mwezi mpevu) hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ufukweni Nyali au Bamburi maji yakitoka yanatoka kweli, boti inabaki imekaa mbali na wewe uko mchangani unatazama. Mashine ya kilo 72 watu wawili wataivusha kwa kupumzika mara mbili tatu. Ya kilo 100 inataka watu wanne, na saa kumi na moja alfajiri wanne hao hawapatikani bila chai na mahamri. Halafu kuna ngazi. Ngazi za nyumba za Mji wa Kale ni nyembamba, zina kona, na watu wanne hawaenei.

Pili, unalipwa kwenye tezi. Boti ndogo ikizama nyuma, wimbi linaloifuata wakati wa kuingia mlangoni, kwenye pengo la mwamba, linapanda juu ya ubao. Nimewahi kuona boti imejaa maji hivyo hivyo, mashine inaunguruma na kila mtu ameketi mahali pake. Ukichukua mashine nzito, sogeza tangi la mafuta na barafu mbele, kisha ikague boti ikiwa imesimama na watu wote ndani kabla hujaiamini.

Mpwa wangu yuko Canada, upande wa milima. Huko wana mashine za theluji, zinaendeshwa kama pikipiki lakini mbele zina skii na nyuma mkanda wa mpira. Siku moja alinipigia akisema wenzake wanabishana kama sisi: ipi nyepesi, ipi ina nguvu, ipi haifi mlimani. Nikamuuliza wanatumia stroki ngapi. Mbili! Ski-Doo za mlimani zina injini ya Rotax 850, stroki mbili, farasi 165, yenye kompyuta ya kupulizia mafuta ndani ya silinda. Kwenye theluji laini mashine nzito inazama na kuchimba shimo lake yenyewe, kwa hiyo hawataki kilo hata moja ya bure. Nilicheka peke yangu. Na wao wana shida moja ambayo hatuijui: kila wakipanda mita 300, hewa inapungua na injini isiyo na tabo, pampu ya kuisukumia hewa, inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu. Sisi tuko usawa wa bahari, farasi wetu wote wapo kazini.

Kuhusu kuibeba na kuilaza, hili usilipuuze. Stroki nne ina oili yake ndani, na hulazwa kwa upande ule tu uliochorwa kwenye kitabu chake. Ukiilaza upande mwingine oili inaingia kwenye silinda. Stroki mbili haina shida hiyo, ila kwa zote mbili kichwa kisiwe chini ya mguu, maana maji ya chumvi yaliyobaki mguuni yatateremka hadi kwenye pistoni.

Hatua ya 3: Nguvu, na jinsi ya kuijaribu mwenyewe

Farasi 40 ni farasi 40 kwenye karatasi. Majini, kinachosukuma ni propela, na mashine nzuri yenye propela isiyofaa ni kama mtu mwenye misuli aliyevaa ndala zilizokatika.

Kila mashine ina mizunguko iliyopangiwa ikifunguliwa yote. Enduro 40 imepangiwa 4,500 hadi 5,500 kwa dakika. F40 ya stroki nne ni 5,000 hadi 6,000. Ukiwa na mzigo wako wa kawaida na mashine haifiki hapo, propela ina mwinamo (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kwa inchi) mkubwa mno. Ikipita, ni mdogo mno. Kila inchi moja ya mwinamo hubadilisha mizunguko 150 hadi 200, kwa hiyo ukijua umepungukiwa na 400 unajua pia ushuke inchi mbili. Boti ya kubeba samaki na boti ya kubeba watalii wa kuogelea hazitaki propela moja, hata zikiwa na mashine pacha. Kipimo cha mizunguko hakina bei kubwa. Azima kwa fundi kama huna.

Kujaribu mwendo, usijaribu upande mmoja ukajisifu. Mkondo wa Tudor wakati maji yanapotoka unaweza kukufanya uamini umenunua ndege. Washa simu ikupimie mwendo, enda umbali fulani na mkondo, geuka, rudi njia ile ile dhidi yake, kisha chukua wastani. Fanya hivyo na watu wale wale na mafuta yale yale kwa kila mashine unayoilinganisha. Saa yako iangalie jambo moja zaidi: tangu kufungua mafuta hadi boti ipande juu ya maji ni sekunde ngapi. Hapo ndipo stroki mbili inapowapendeza vijana, inaamka haraka. Stroki nne huchelewa kidogo lakini ikishapanda haina kelele, na unaweza kuzungumza na mtu aliye omo bila kupayuka.

Hatua ya 4: Ipi haitakuacha baharini

Mwaka wangu wa pili tulitoka nje ya mwamba wa Nyali, kusi, upepo wa kutoka kusini, ndiyo inaanza. Mashine ikaacha kukojoa. Wasiojua: mashine ikiwa nzima hutoa uzi wa maji ubavuni, ndiyo dalili kwamba pampu inapandisha maji ya kuipoza. Nikadhani tundu limeziba, nikalichokoa kwa waya. Hola. Kabla sijafikia kuizima ikazima yenyewe, na harufu ya rangi iliyoungua ikatujia. Tulitweka turubai kwenye kasia na kusi ikatupeleka kaskazini taratibu hadi Shanzu, watu watatu kimya.

Fundi alipoufungua mguu, impela, gurudumu la mpira la pampu ya maji, ilikuwa imebaki kitovu. Mabawa yake ya mpira yalikuwa yamekatika na kupanda kwenye njia ya maji. Alinitilia moja kiganjani. Lilikuwa gumu kama ukucha wa kidole gumba cha mguu. "Mwanangu," akaniambia, "hii ina umri mkubwa kuliko ndoa yako." Na aliyeniuzia alikuwa ameniapia kwamba mashine imetoka sevisi.

Tangu siku hiyo sinunui mashine kwa sifa zake, nanunua kwa vipuri vyake. Kabla ya kulipa, andika vitu vitano kwenye karatasi: impela, plagi, propela na mpira wake wa kati, pampu ya petroli, na kisanduku cha umeme kinachotoa cheche. Zunguka maduka ya mjini siku moja. Mashine ambayo vitu vyake vinne kati ya vitano unavipata siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni ya umbo la zamani, itakuwa majini siku nyingi kwa mwaka kuliko ile ya kisasa inayosubiri kifurushi kutoka Dubai. Kisha waulize mafundi wawili wasiojuana ni mashine gani wanayoifungua mara nyingi na wanafungua nini. Usiwaulize ipi ni nzuri. Swali hilo kila mtu ana jibu lake tayari.

Stroki mbili ya kabureta inaaminika kwa sababu haina mengi ndani. Haina vali za kichwani wala mkanda wa muda, na ya kuvuta kamba haihitaji betri. Ikigoma baharini, mtu mwenye spana ya plagi na kitambaa kikavu ana matumaini. Udhaifu wake uko kwako wewe: ukisahau oili kwenye petroli, umeiua ndani ya dakika chache.

Stroki nne ya kupulizia mafuta ikitunzwa inadumu sana, lakini inataka mtu wa ratiba. Oili ya kwanza hubadilishwa baada ya saa 20, halafu kila saa 100. Inataka petroli safi. Maji kidogo kwenye mtungi yanayopita kwenye kabureta kwa kukohoa tu, huku yanaweza kukuletea gharama. Funga kichujio cha kutenga maji, usijadiliane na mtu. Na ukitegemea betri, beba kamba ya dharura.

Hatua ya 5: Mafuta

Stroki mbili ya 40 ikifunguliwa yote hula kati ya lita 15 na 20 kwa saa, na ndani yake kuna oili. Kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1, tangi la lita 25 linataka nusu lita. Oili iwe ile iliyoandikwa TC-W3, ya mashine zinazopozwa kwa maji. Ya bodaboda ni ya injini inayopozwa kwa upepo, iache bodaboda.

Stroki nne inakula mafuta pungufu, na tofauti inaonekana hasa ukienda polepole. Kwa mtu anayezungusha wageni kuanzia asubuhi hadi jioni ndani ya hori (mkono wa bahari), akiokoa lita 4 kwa saa, siku ya saa tano ni lita 20. Hizo zitailipia mashine. Kwa mvuvi anayekimbia dakika arobaini, akatega, akazima, akarudi, hesabu hiyo haimfikii haraka. Pima mwenyewe: jaza tangi hadi alama, fanya kazi ya siku moja, jaza tena kwa chupa ya lita.

Stroki mbili za kabureta Ulaya na Marekani zimeondolewa madukani na sheria za hewa chafu, kwa hiyo nyingi unazoziona zikitoka huko ni za mkono wa pili. Na hapo tunakuja kwenye uchunguzi.

Hatua ya 6: Mashine ya mkono wa pili

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Iguse kichwa. Ikiwa ya moto, ameiwasha ili isimtie aibu mbele yako.

Fungua boliti ya chini ya mguu na uache oili ya gia idondoke kidoleni. Nyeusi sawa. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, sili zimekwisha. Ikiwa na vipande vinavyong'aa, gia zinaliwa. Shika njia yako. Toa plagi zote mbili uzipange kwa utaratibu: rangi ya kahawia ni afya, nyeusi iliyolowa ni mafuta mengi, nyeupe ni mashine inayochemka. Tia kipimo cha kompresheni kwenye kila silinda. Namba yenyewe si kitu kikubwa kama usawa wake. Silinda mbili zikipishana zaidi ya asilimia 10, moja ina ugonjwa.

Angalia boliti. Rangi mpya inayong'aa juu ya boliti zilizotafunwa ni kilemba kwenye kichwa chenye mapunye. Angalia pia zinki, kile kipande cha madini kilichofungwa chini ili chumvi ikile chenyewe badala ya mguu. Kikiwa kimeliwa nusu, vizuri, kilikuwa kazini. Kikiwa kimepakwa rangi, mwenyewe hakujua kazi yake, na huenda hakujua mengine.

Mwisho iwashe ndani ya pipa la maji, iache dakika kumi, ikojoe muda wote bila kukatika. Izime, subiri dakika tano, iwashe tena ikiwa ya moto. Nyingi husimulia ukweli wao kwenye mwasho wa pili.

Namba ya mashine isomeke na ifanane na ya kwenye stakabadhi. Iliyokwanguliwa, hata kwa bei ya kutupa, ni kesi inayokungoja. Chombo chenyewe kinataka leseni ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na ukaguzi wao huangalia pia jaketi za kuokolea, kwa hiyo zitie kwenye bajeti tangu mwanzo. Wa uvuvi apite pia kwa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ya pwani yake.

Sasa yule wa Kuze. Boti yake ni ya faiba ya futi 18, watu watatu, anavua nje ya mwamba na kurudi kabla ya jua kali. Nilimwambia stroki mbili, na tena si ya 40. Tulipiga ile hesabu ya kilo 20 kwa farasi, na boksi la samaki ndani yake, tukaona mashine ya 30 inamtosha na nafasi inabaki. Alinuna kidogo, maana wenzake wote wana arobaini.

Jambo alilobaki nalo ni pipa. Kila akitoka baharini lazima aizungushe dakika kumi kwenye maji baridi, yasiyo na chumvi, ili chumvi itoke, na pipa haliwezi kupanda ghorofani. Nimemwambia aliweke chini ya ngazi, na azungumze kwanza na mama wa nyumba ya chini anayeanika nguo pale, kwa sababu moshi wa stroki mbili ukiingia kwenye kanga zake hata mimi sitamtetea.